UZI: Muziki wa sinthesaiza wa miaka ya 70 na 80. Nimeanza kwa kanda moja ya baba mdogo, sasa sitoki

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na mbili. Mikono inakijua kinanda. Ila tangu mwaka jana kuna swali limenikaa kichwani ambalo miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza: hizi sauti ninazobonyeza kila Jumapili zimetoka wapi? Nani alikaa chini akazitengeneza? Uzi huu ni wa hilo. Ni mrefu, nitaushusha kipande kwa kipande, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Baba mdogo alikuwa baharia, miaka mingi kwenye meli za mizigo. Mwaka jana alihama nyumba, nikaenda kumsaidia kubeba vyombo. Chini ya kitanda nikakuta kopo la biskuti limejaa kanda. Nyingi ni dansi, Sikinde, Msondo, Franco. Moja ina picha ya dunia inayobanduka ganda kama chungwa, na ndani ya ganda kuna fuvu la mtu. Nikaikumbuka palepale. Nikiwa mdogo nilikuwa nagoma kulala chumba kile kwa sababu ya picha hiyo. Kanda yenyewe ni Oxygène ya Mfaransa anaitwa Jean-Michel Jarre.

Haikuwa inasikika vizuri. Kile kitambaa kidogo cha ndani kinachousukuma mkanda ugusane na hedi kilikuwa kimebanduka. Fundi redio akafungua skrubu tano, akakitoa kama hicho kwenye kanda nyingine mbovu, akakigandisha kwa tone la gundi, akaniambia niiache mpaka kesho yake. Kesho yake usiku nikavaa hedifoni.

Kwanza nilisikia mchakacho, nikajua mkanda umechoka. Mchakacho ukapanda, ukashuka, ukapanda tena polepole. Ndipo nikang'amua kwamba ule ni upepo, na upepo wenyewe umetengenezwa na mtu kwa umeme, kwa mashine iitwayo sinthesaiza.

Sikulala. Nilianza kutafuta.

Jarre alirekodi santuri hiyo mwaka 1976 nyumbani kwake Paris, jiko la nyumba likiwa limegeuzwa studio. Rekoda ya mikanda yenye njia 8, basi. Kampuni kadhaa ziliikataa: haina mwimbaji, nyimbo hazina majina ila namba, fungu la kwanza mpaka la sita. Aliyekubali ni Francis Dreyfus, na santuri ikaja kuuza mamilioni duniani.

Kitu kilichonimaliza ni ngoma zake. Alikuwa na kimashine cha mapigo, Korg Mini Pops, kilichotengenezwa kumsindikiza mtu anayepiga ogani nyumbani. Unabonyeza kitufe unapata rumba, unabonyeza kingine unapata slo. Kimoja kwa wakati. Jarre akachukua gundi ya karatasi, akavibana vitufe viwili vikae chini kwa pamoja, mapigo mawili yakachanganyika, likazaliwa pigo ambalo kiwandani hawakulipanga. Lile pigo la fungu la nne, ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye redio bila kujua jina lake, ndilo hilo.

Nikitulia nashusha kipande cha pili, namna mashine zenyewe zinavyofanya kazi.

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, umenikumbusha mbali. Lakini nikuulize, kwa nini mwaiita sinthesaiza na jina la kinanda lipo? Huku kwetu kinanda ni neno la zamani sana, wazee walikuwa wakiliita hata gambusi kinanda, kitu cha nyuzi. Baadaye likaenda kwa hiki cha kubonyeza. Naona linatosha.

Mwanzisha uzi

Hoja nzuri, kaka. Nimelifikiria sana hilo. Ninavyoona, kinanda ni ile mbao ya vitufe vyeupe na vyeusi, mahali mkono unapokaa. Sinthesaiza ni kile kinachozaa sauti, na kinaweza kukosa vitufe kabisa. EMS VCS3 ya Waingereza, moja ya mashine za Jarre, haina hata kitufe kimoja cha kupigia. Ina vifundo vya kuzungusha, kijiti cha kusukuma huku na huku, na kibao cha matundu unachochomeka vipini kuamua umeme utoke wapi uende wapi. Ukiita kile kinanda, mzee wa gambusi atakushangaa.

Sasa namna inavyofanya kazi. Nawaelezea kama nilivyoielewa mimi, kwa jiko la Pwani.

Umekuna nazi, umetia maji, umekamua. Kwenye kifumbu kuna kila kitu: tui, machicha, maji. Sinthesaiza za zamani zinaanza hivyohivyo. Kuna kifaa kinaitwa osileta, kinatikisa umeme mara mia kadhaa kwa sekunde na kutoa sauti nene, kali, isiyopendeza, yenye kila kitu ndani yake. Halafu unaipitisha kwenye filta. Filta ndiyo kifumbu. Ukiibana inapita sauti nzito tu, ya chini. Ukiifungua taratibu huku noti inalia, unasikia ile "uuuaaau" ambayo kila mtu anaijua. Mwisho unaiambia mashine sauti iingie ghafla kama gitaa au ivimbe polepole kama fidla.

Yule aliyeifanya filta ya hivyo iwe maarufu ni Robert Moog wa jimbo la New York. Mashine zake za kwanza za miaka ya 60 zilikuwa makabati yenye nyaya kama simu za posta za zamani. Mwaka 1970 akatoa ndogo, Minimoog, unaibeba mwenyewe jukwaani. Kanuni yake ni rahisi ajabu: volti moja ikiongezeka, noti inapanda oktavu moja, yaani do ya chini inakuwa do ya juu.

Na kuna mambo mawili lazima uyajue, la sivyo muziki ule utausikia nusu.

La kwanza, zilitoa noti MOJA kwa wakati. Wewe bonyeza vidole kumi, italia noti moja. Wendy Carlos alipopiga kazi za Bach kwenye Moog mwaka 1968, kila sauti ilirekodiwa peke yake, mstari juu ya mstari kwenye mkanda, mpaka kikapatikana kitu kama okestra. Mimi nikibonyeza kodi ya C, noti tatu kwa pamoja, kanisani natumia sekunde moja. Yeye ilikuwa kazi.

La pili, hazikuwa na kumbukumbu. Umehangaika saa nzima umepata sauti tamu, umezungusha vifundo vingine, imepotea. Watu walichora kwenye karatasi kila kifundo kilipoelekea.

Mzee wa santuri

Vijana wangu, mmenifurahisha. Mimi nilikuwa Dar miaka hiyo, tulikuwa tunasikiliza santuri nyumbani kwa rafiki mmoja aliyesoma Ujerumani Magharibi. Alirudi na Autobahn. Wimbo mmoja umejaza upande mzima wa santuri. Tuliposikia mlango wa gari unafungwa na injini inawaka tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza wote. Mwanzisha uzi, usiwasahau Wajerumani.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Siwezi kuwasahau, na nashukuru umeanza na hiyo.

Autobahn ni ya Kraftwerk, 1974, kundi la Düsseldorf la Ralf Hütter na Florian Schneider. Wimbo una dakika zaidi ya 22. Ninachokipenda kwao ni kwamba walivaa suti, wakanyoa, wakaimba habari za barabara kuu, treni, kikokotoo cha mfukoni. Vitu vya kila siku. Na ukisikiliza Trans-Europe Express ya 1977, utasikia melodi ambayo miaka mitano baadaye vijana weusi wa Bronx wakiongozwa na Afrika Bambaataa waliitumia kwenye Planet Rock. Njia kutoka Düsseldorf hadi hip hop ni fupi kuliko nilivyodhani.

Lakini kundi la Wajerumani lililonikaa moyoni ni jingine: Tangerine Dream wa Berlin Magharibi, wa Edgar Froese. Tafuteni Phaedra, 1974. Walikuwa na Moog kubwa yenye sikwensa, yaani kifaa kinachorudia noti ulizokipangia bila mtu kugusa. Na osileta za zama zile zilikuwa zinaathiriwa na joto. Mashine ikiwaka muda, ikipata moto, noti zinateleza. Walikuwa wanatumia saa nyingi kuitiuni. Kwenye wimbo wa Phaedra wenyewe utasikia besi inazunguka, na taratibu sana inaanza kuhama tiuni. Ni mashine inapata joto. Wangeweza kufuta, waliiacha. Nimeisikiliza sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyimbo za kwaya yangu, na kila mara nywele zinasimama, kwa sababu unasikia kitu cha chuma kinachoka kama mtu.

Kuchoka huko kulimtesa pia Giorgio Moroder kule Munich mwaka 1977, akirekodi I Feel Love ya Donna Summer. Ile besi isiyoisha ni Moog kubwa, nayo ilikuwa ikitoka nje ya tiuni, wanasimama, wanaitiuni, wanarekodi kipande kingine. Kila kitu mle ni mashine isipokuwa sauti ya Donna na ngoma kubwa, ambayo Keith Forsey aliipiga kwa mguu, maana Moog ilishindwa kutoa kishindo kizuri.

Mdau wa Unguja

Naingia kwa kupinga kidogo, na naomba msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa taarab. Nimekua nasikiliza Ikhwani Safaa na Culture, fidla kumi zinalia pamoja, ganuni, akodioni, udi. Ilipokuja hii taarab ya kisasa miaka ya tisini, kinanda kimoja kimewaweka pembeni watu kumi. Fidla ya kinanda si fidla. Kwa hiyo mnapoisifu mashine, kumbukeni nani alikosa kazi.

Mwanzisha uzi

Ndugu, sikupingi hata kidogo kwenye hilo la watu kukosa kazi. Na si Unguja tu. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe, kwa hoja yako hiyohiyo.

Tena nikukumbushe mtu wa kwenu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Santuri kadhaa za Queen za miaka ya sabini ziliandikwa kabisa kwenye jalada kwamba hakuna sinthesaiza humu. Walitaka watu wajue kwamba sauti zile ni magitaa ya Brian May yaliyorekodiwa moja juu ya jingine. Wakashikilia hivyo mpaka 1980, kwenye The Game, ambako jalada linatangaza kwamba sasa imo, Oberheim OB-X. Miaka minne baadaye wakatoa Radio Ga Ga, na ukiiondolea sinthesaiza wimbo ule hauna miguu.

Ninapotofautiana na wewe ni hapa: fidla ya kinanda ni mbaya kwa sababu inaigiza fidla. Watu ninaowazungumzia kwenye uzi huu hawakuwa wanaigiza fidla. Stevie Wonder aliposikia mashine ya akina Malcolm Cecil na Robert Margouleff, TONTO, kabati zimezunguka chumba kama ukumbi wa rubani, hakwenda kutafuta okestra ya bei rahisi. Alitafuta besi ambayo gitaa haiwezi kuitoa. Sikiliza Superstition ya 1972, ile besi inayonguruma chini ya kila kitu. Hakuna mpiga besi aliyefukuzwa pale, sauti ile haikuwepo kabla.

Mdau wa Unguja

Hapo nimekuelewa. Naitafuta hiyo Oxygène, nasikiliza kwanza, nitarudi.

Mdau wa Nairobi

Wadau, mmetaja Ulaya na Marekani tupu. Je, Waafrika hawakuwepo?

Mwanzisha uzi

Walikuwepo, na ndiyo sehemu niliyokuwa naitunzia nafasi. Nawaleta watatu.

Francis Bebey, Mkameruni aliyeishi Paris. Alikuwa mkuu wa idara ya muziki UNESCO, akaacha kazi katikati ya miaka ya sabini ili apige muziki. Nyumbani kwake alichanganya sanza, ile ambayo Wagogo wanaiita ilimba, na kinanda cha umeme na mashine ya mapigo. Anaimba Kiduala, Kifaransa, Kiingereza. Haya mambo hayagombani kwenye santuri zake hata kidogo. Sanza ina milio midogo ya kando kila unapobonya ulimi wa chuma, na sinthesaiza inaijibu kama ndugu yake.

William Onyeabor wa Enugu, Nigeria. Kati ya miaka ya mwisho ya sabini na 1985 alitoa santuri nane, kwa kampuni yake mwenyewe, Wilfilms. Nyimbo ndefu za dansi, sinthesaiza juu ya sinthesaiza. Halafu akaokoka, akaacha, na alikataa kuuzungumzia muziki ule kwa miaka mingi. Dunia ilimjua upya mwaka 2013 nyimbo zake zilipokusanywa, akafariki Januari 2017. Anza na Fantastic Man.

Na Hailu Mergia. Huyu naomba mnisikilize vizuri. Mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa. Mwaka 1981 bendi ilikwenda Marekani, yeye akabaki Washington. Mwaka 1985 akaingia studio peke yake, na akodioni ya utoto wake, piano ya umeme ya Rhodes, sinthesaiza na mashine ya ngoma, akapiga kila kitu mwenyewe nyimbo za zamani za kwao. Kanda ikauzwa Ethiopia, ikasahaulika. Yeye akawa dereva wa teksi uwanja wa ndege wa Dulles. Ndani ya buti la gari alikuwa na kinanda kidogo. Akisubiri abiria, anakitoa, anakaa kiti cha nyuma, anapiga. Miaka. Mpaka msikilizaji mmoja mwenye lebo ya muziki akaiokota kanda hiyo Ethiopia, akamtafuta, ikatolewa upya 2013, na mzee akarudi jukwaani.

Nikiwa nasubiri zamu yangu ya mazoezi kanisani, namfikiria yule mzee kwenye maegesho ya teksi.

Mdau wa Mombasa

Nami niongeze la kwetu. Mombasa Roots walipoichukua chakacha miaka ya themanini wakaipiga kidisko, kinanda kilikuwa mbele kabisa, na harusi zote zilikuwa zao. Chakacha haikufa. Kiuno kilikuwa kilekile.

Fundi wa studio, Dar

Swali kwa mwanzisha uzi. Mimi natengeneza biti, kila siku natumia 808, hata sijui ni nini. Na je, kinanda chako cha kwaya kinaingia wapi kwenye historia hii?

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeniuliza swali lililonianzisha.

808 ni TR-808, mashine ya ngoma ya Roland ya Japani, 1980. Ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, ziliuzwa kama 12,000 tu, na baada ya miaka mitatu ikasimamishwa kutengenezwa. Zikashuka bei, vijana wasio na hela wakazinunua, na mengine unayo kwenye kompyuta yako.

Kinanda changu ni hadithi ya Stanford. Mwaka 1967 John Chowning, mtunzi wa muziki, alikuwa anajaribu kwenye kompyuta kuitikisa sauti moja kwa sauti nyingine, kama mwimbaji anavyotetemesha koo. Akaongeza kasi ya mtikiso kupita kiasi. Badala ya mtetemo akasikia sauti mpya kabisa, kengele, shaba. Hiyo ndiyo FM. Hapa kifumbu hakipo tena, hukamui nazi. Ni sauti mbili zinazotikisana mpaka zinazaa ya tatu. Yamaha wakanunua haki, na mwaka 1983 wakatoa DX7: noti 16 kwa pamoja, kumbukumbu ya sauti 32, haipotezi tiuni hata ukiiacha juani.

Ile piano yenye kengele ndani, inayoanza nyimbo za taratibu za kuabudu, ile ninayobonyeza kila Jumapili wakati wa sadaka, ni mtoto wa DX7. Nimekaa nayo miaka kumi na mbili bila kumjua mzazi wake.

Na wewe fundi unayo pia. Ile log drum ya amapiano ambayo sasa inapigwa kila baa ya Dar imetoka kwenye FruityDX10, kinanda kidogo cha FM ndani ya programu ya FL Studio. Hesabu ni ileile ya Chowning.

Mzee wa santuri

Na yule Mgiriki?

Mwanzisha uzi

Vangelis, mzee. Nilimwacha kwa makusudi, sikutaka kumpitia juujuu. Mnamjua kwa muziki wa Chariots of Fire, ule wa wakimbiaji wa pwani, na ulimpa tuzo ya Oscar mwaka 1982. Lakini sikilizeni Blade Runner ya mwaka huohuo. Mashine yake ni Yamaha CS-80, nzito kama friji, huinyanyui peke yako. Kila kitufe kinahisi uzito wa kidole chako baada ya kukibonyeza. Ukikandamiza kidole cha shahada, noti ile moja inavimba, nyingine zinabaki zilivyo. Hakuwa anasoma noti za karatasi, alipiga picha ikiwa mbele yake. Kwenye kinanda changu, nikishabonyeza, sauti imeshakwenda zake.

Mdau wa Unguja

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nimeisikiliza Oxygène yote. Fungu la sita, mwisho, yale mawimbi na ndege. Ni bahari ya kweli wameirekodi?

Mwanzisha uzi

Hapana ndugu, ni ya mashine. Ni mchakacho uleule wa upepo wa mwanzo, umepitishwa kwenye filta inayofunguka na kufunga polepole. Unaweza kuitengeneza leo kwa programu yoyote ya bure: chukua kelele nyeupe, yaani ule mchakacho, weka filta, iambie ipande na kushuka kila sekunde nane hivi. Utagundua inarudi kwa kipimo, na mawimbi ya Raskazone hapa Tanga hayaji kwa kipimo. Ongeza mtikiso wa pili wenye kasi tofauti kidogo na wa kwanza. Hapo ndipo linakuja wimbi kubwa, mawili madogo, kubwa tena, bila kujua lini.

Jumapili iliyopita nilimpelekea baba mdogo ile kanda na redio yangu. Aliishika kwanza, akaugeuza upande wa pili, akaangalia fuvu, akacheka. Alisema aliinunua Hamburg. Nikamuuliza, wewe baharia, umezungukwa na maji miezi sita, kanda ya mawimbi ya nini?

Akaniambia kazi yake ilikuwa chini, kwenye injini. "Chini kule mwanangu, bahari huisikii. Unasikia injini tu, usiku na mchana, na ukipanda kulala bado inalia masikioni." Kwa hiyo zamu ikiisha anapanda kabini, anaweka upande wa pili, anaisogeza mbele mpaka mwishoni.

Akaomba nimwachie redio. Nimemwachia.